Mama, Usimbebe: Umsaidie Ainuke

Siku ya kilo tunapima mtoto wako. Mgongo wako hakuna anayeupima. Lakini mama wengi wa Kamina wana kazi ingine nyumbani, isiyoandikwa katika karatasi ya mtoto. Kuna baba aliyepooza upande mmoja. Kuna kambo asiyeweza tena kusimama peke yake. Kuna kijana ambaye polio ilimkausha miguu angali mdogo. Asubuhi mtu huyu anatolewa kitandani na kutiwa katika kiti cha magurudumu. Kisha anatolewa katika kiti kwenda chooni, anarudishwa, anatolewa tena kwenda kuoga, mchana analala kidogo, jioni vile vile. Hesabu mwenyewe: mara sita, mara nane kwa siku. Nani anamtoa? Mara nyingi ni mama. Na mara nyingi mama yule yule ana mimba, ao amezaa mwezi uliopita.

Neno tunalotaka ulishike ni hili: kazi yako si kumbeba. Mtu wa kilo 60 hawezi kubebwa na mtu mmoja kila siku bila mmoja wao kuumia. Kazi yako ni kumsaidia apitishe uzito wake mwenyewe, kwa miguu yake ao kwa mikono yake, toka kiti mpaka kitanda. Wewe unaongoza na kuzuia asianguke. Mama anayebeba anachoka na kuumia, na mgonjwa anayebebwa kila siku anapoteza hata ile nguvu kidogo iliyobaki. Mguu usiotumiwa unazidi kuwa legevu.

Watu hawa ni wengi kwetu, kwa sababu nyingi. Wengine tansio ilipanda, mshipa wa damu ukapasuka ao kuziba ndani ya kichwa. Wengine walianguka toka muembe ao toka juu ya lori, uti wa mgongo ukavunjika. Wengine kifua kikuu kiliharibu mifupa ya mgongo. Na polio: Afrika ilitangazwa mwaka 2020 kuwa imeishinda polio ya asili, lakini mwaka 2017 jimbo letu la Haut-Lomami lilipatwa na mlipuko wa virusi vya namba 2, aina inayozunguka pale ambapo watoto wengi wamekosa chanjo, na mwezi wa pili wa 2018 serikali ikautangaza kuwa hatari ya taifa. Chanjo inakinga, hairudishi mguu uliokwisha kukauka. (Kama karatasi ya mtoto wako haijajaa, usiondoke leo bila kusema na mwuguzi.)

KABLA YA KUMGUSA

Ajali nyingi zinaanza mbele ya kumgusa mtu. Kiti kinateleza nyuma, mguu unakwama, sakafu ina maji ya sabuni. Basi anza na kiti.

Sogeza kiti karibu kabisa na kitanda. Kisitazame kitanda uso kwa uso, wala kisilale sambamba nacho kabisa. Kikae mshazari kidogo. Kama mtu amepooza upande mmoja, upande wenye nguvu uelekee kitanda. Ni upande ule unaomwongoza. Ukiweka upande mgonjwa mbele, mguu wake utakunjika pale pale anapouhitaji. Wakati wa kurudi kitini utageuza kiti, ili upande mzuri utangulie tena. Ndiyo, ni kazi mara mbili. Ifanye.

Kaza freni za pande zote mbili, kisha tikisa kiti uone kama kinashika. Freni za viti vingi zinakaza juu ya mpira, kwa hiyo mpira uliokosa upepo haushikwi vizuri hata freni ikiwa nzima. Na viti vingi vinavyotufikia ni vya zamani, freni zao zimekufa. Basi tia tofali mbele na nyuma ya kila gurudumu kubwa, ao egemeza mgongo wa kiti kwa ukuta. Usiseme: “Mutoto atashika kiti.” Mtoto wa miaka saba hawezi kuzuia kiti kinachosukumwa na mtu mzima anayeinuka.

Vile vibao vya kukanyagia miguu, vikunje juu ao uvitoe. Hapa tunasema kwa nguvu, kwa maana wengi wanasahau: mtu asisimame juu ya kibao hata kidogo. Akikanyaga kibao, kiti kizima kinapinduka mbele na kumwangukia. Kama mkono wa kiti unatoka, utoe upande wa kitanda. Kama mtu ana mpira wa mkojo, usogeze kwanza ule mfuko, usije ukavutwa. Pangusa maji chini. Mvike viatu visivyoteleza, ao awe miguu wazi. Soksi peke yake inateleza. Na wewe, kaza kikwembe chako vizuri. Mama wengi wanakanyaga kikwembe chao wenyewe wakiwa katikati ya kazi.

Kisha kitanda. Mara nyingi kitanda chetu kiko chini kuliko kiti. Kushuka ni rahisi, lakini asubuhi kupanda ni taabu kubwa, na pale ndipo mama anaanza kubeba. Pima urefu wa kiti kwa fimbo toka chini mpaka pa kukalia, halafu tia matofali ya kuchoma chini ya kila mguu wa kitanda mpaka vilingane. Matofali yawe mapana, yamelala vizuri, urefu mmoja pande zote ine. Kazi hii ya saa moja itapunguza taabu ya miaka.

MWAMBIE

Usimshike mtu kwa kumshtua. Simama mbele yake, umtazame machoni, umwambie: “Baba, tunaenda ku kitanda. Uko tayari?” Ngoja ajibu. Aliyepooza huenda hawezi kusema, lakini anasikia. Atatikisa kichwa ao kukubana mkono. Mtu anayejua kitakachofanyika anajikaza na kusaidia. Mtu aliyeshtuliwa anakamata chochote kilicho karibu, na kilicho karibu ni shingo yako.

Tena umuulize yeye mwenyewe namna gani anataka. Aliyekaa katika kiti miaka kumi anajua mwili wake kuliko wewe na kuliko sisi wa hospitali.

KUMSAIDIA ASIMAME NA KUGEUKA

Njia hii ni ya mtu ambaye mguu mmoja angalau unaweza kushika uzito kidogo. Asiyekanyaga kabisa, soma mbele juu ya ubao.

Chukua kikwembe kigumu, ukikunje mara nyingi mpaka kiwe kama mkanda mpana wa kiganja kimoja, umfunge kiunoni juu ya nguo, fundo kali, pembeni. Hapo ndipo utashika. Usimvute kwa mikono. Usimnyanyue kwa kwapa. Mkono uliopooza hauna nyama ya kukaza bega. Ukiuvuta, bega linatoka mahali pake, na maumivu yake yanaweza kukaa miezi mingi. Tumeona wagonjwa wanaolia bega kuliko wanavyolia mguu, na bega halikuharibiwa na ugonjwa, liliharibiwa na kuvutwa.

Mkanda huu unafaa kwa neno lingine tena. Mara nyingi anayesaidiwa ni baba mkwe, na anayemsaidia ni mke wa mtoto wake. Kuna haya. Kumshika baba mkwe kiunoni si jambo dogo kwetu, basi mama anamshika kwa mbali, kwa ncha za vidole, mikono imenyooka. Hiyo ndiyo namna ya hatari kuliko zote: uzito ukiwa mbali na mwili wako unakuwa mzito mara nyingi zaidi, na mikono haina nguvu ya kuzuia. Ukishika mkanda, unashika nguo, hushiki mwili. Waite mzee na wana wake, mukubaliane mbele ya wote, ili mtu asiseme neno baadaye. Na kuoga, kazi hiyo waachiwe wanaume wa nyumba. Hawana sababu ya kukimbia kila saa mbili asubuhi.

Sasa mwambie ajisogeze mpaka ukingo wa kiti, nyonga moja, kisha ingine, kama vile anatembea kwa makalio. Nyayo zote mbili zikanyage chini, nyuma kidogo ya magoti. Jaribu wewe mwenyewe sasa hivi kwenye benchi unapongojea: nyosha miguu mbele halafu jaribu kuinuka. Haiwezekani. Rudisha miguu nyuma, inamisha kifua, utainuka bila taabu. Na mgonjwa ni vile vile.

Simama mbele yake, karibu kabisa. Miguu yako iachane, mmoja mbele kidogo. Goti lako lizuie goti lake legevu lisikunjike. Kunja magoti yako, si mgongo. Shika mkanda nyuma yake pande mbili. Yeye aweke mkono mzima juu ya mkono wa kiti, ao juu ya kitanda, ao mgongoni mwako. Shingoni hapana. Akiteleza ameshika shingo, mtaanguka wawili.

Mwambie: “Inama mbele.” Pua yake ifike juu ya vidole vya miguu. Watu wengi wanaogopa hapo, wanajirudisha nyuma, na mama anavuta kama anayevuta mbuzi asiyetaka. Usivute. Ngoja ainame. Hesabuni pamoja: “Moya, mbili, tatu, simama!” Akiinama vizuri, makalio yanapanda yenyewe, wewe unaongoza tu. Si lazima asimame wima kama askari. Akipanda nusu inatosha.

Geukeni kwa hatua ndogo ndogo. Zungusha miguu yako. Usisokote kiuno, miguu ikiwa imebaki pale pale, kwa maana hapo ndipo mgongo wa mama unavunjika. Akisikia kitanda kinagusa nyuma ya miguu yake, anyoshe mkono mzima ashike kitanda, ainame tena mbele, akae pole pole. Asijitupe. Akishakaa, usimwache mara moja. Anayetoka kulala hasa anaweza kuona giza machoni. Ngoja apumue.

Mara ya kwanza mutachukua dakika kumi. Baada ya wiki mbili mutachukua dakika moja.

UBAO

Mtu ambaye miguu imekufa lakini mikono ina nguvu, kama vijana wengi wa polio na wale waliovunjika mgongo chini, anaweza kupita mwenyewe juu ya ubao. Seremala yeyote wa Kamina anaweza kuutengeneza: mti mgumu, urefu kama sentimeta 70, upana 25, unene 2, usio na fundo wala ufa. Apunguze ncha zote mbili ziwe nyembamba kidogo, azungushe pembe zote, asugue kwa msasa mpaka mkono usikwame popote. Kijiti kidogo kikiingia katika ngozi isiyosikia maumivu, hakuna atakayejua mpaka kidonda kinuke.

Mkono wa kiti lazima utolewe, kama sivyo ubao hauna njia. Mtu aegemee upande wa pili, utie ncha ya ubao chini ya paja lake, ncha ingine juu ya kitanda. Avae nguo, ngozi tupu inakwama. Aweke mkono mmoja juu ya kitanda, ingine juu ya kiti, ainame mbele, ajiinue kidogo na kusogea, ajiinue na kusogea. Vidole visishike chini ya ubao, vitabanwa. Wewe simama mbele, shika mkanda, magoti yako karibu na magoti yake. Miguu yake usiisahau: isogeze kidogo kidogo kumfuata.

Vijana wanapenda ubao huu kuliko dawa zote tunazowapa, kwa maana siku moja wanapita bila kuita mtu.

Mtu asiyeweza kusimama wala kutumia mikono, muwe wawili siku zote. Mwenye nguvu zaidi nyuma, mwingine mbele kushika mapaja karibu na magoti, na mmoja tu anahesabu. Kama bega lake ni gonjwa, usipitishe mikono chini ya kwapa. Mpitishie kikwembe kigumu chini ya mapaja na nyuma ya mgongo, mushike kikwembe. Mumwinue. Musimburute: ngozi ikiburutwa inapasuka ndani mbele ya kuonekana nje.

CHOONI, CHINI, NA KATIKA KINGA YA MIKONO

Choo cha shimo ni mahali pagumu. Kiti cha mbao chenye tundu katikati, kizito, miguu yake minne imetanuka, kinawekwa juu ya shimo. Tia pia mti mmoja ukutani wa kushika. Usiku utumie ndoo chini ya kiti kile kile, ndani ya nyumba, kuliko kumpitisha mtu gizani katika matope ya mwezi wa kwanza.

Wengi wanapenda kukaa chini juu ya mkeka pamoja na wengine, na hilo ni jambo zuri. Kurudi juu kufanyike kwa ngazi: toka chini mpaka kiti kidogo cha jikoni, pumzika, toka pale mpaka kitanda. Mtu mmoja asijaribu kumvuta mzee toka chini mpaka juu kwa mara moja.

Kinga ya magurudumu tatu, ile inayosukumwa kwa mikono, inafaa kwa njia ndefu. Wanamuziki wa Staff Benda Bilili wa Kinshasa, waliojulikana ng'ambo kwa sahani yao ya mwaka 2009, wengi wao waliitembelea. Lakini kushuka ni vigumu kuliko katika kiti, na kinga nyingi hazina freni ya kusimamisha. Mawe matatu, moja kwa kila gurudumu, yakae daima ndani ya kinga.

AKIANZA KUANGUKA

Usijaribu kumzuia hewani. Hutaweza, na mtaumia wote. Mvute karibu na mwili wako kwa mkanda, panua miguu, kunja magoti, umteremshe pole pole juu ya paja lako mpaka chini, ukilinda kichwa. Kisha umwache pale. Muulize anaumwa wapi. Kama paja linauma sana, ao mguu mmoja umekuwa mfupi na umegeukia nje, usimsimamishe. Mfupa wa nyonga huenda umevunjika. Mlete hospitali amelala juu ya ubao ao mlango. Kama haumwi, mfunike, tafuta jirani, umwinue kwa ngazi tuliyosema. Hakuna haraka. Aliyekwisha kuwa chini haanguki tena.

WEWE MWENYE MIMBA, WEWE ULIYEZAA

Wakati wa mimba viungo vya kiuno vinalegea ili mtoto apate njia, na tumbo linakuzuia kukaribia mtu unayemshika. Kwa hiyo uzito unakuwa mbali, mahali pabaya. Toka tumbo linapoonekana, usimwinue mtu peke yako. Baada ya kuzaa, kubeba mizigo mizito mapema kunaweza kushusha kizazi. Kama ulipasuliwa, wiki sita usimwinue mtu hata akiwa mwepesi. Kitu kizito kuliko mtoto wako mchanga si chako wakati ule. Nyumbani watasema: “Mama wetu alibebaka mpaka siku ya kuzaa.” Alibebaka, ndiyo. Muulizeni mgongo wake uko namna gani leo.

Basi fundisha wengine mbele ya siku ile. Mume, wifi, kijana wa miaka 16 anayecheza mpira kila jioni. Kusimamisha baba ni kazi yao kama ilivyo yako.

Na mtoto mlemavu, mama, usimzoeshe mgongo wako. Akiwa na miaka mitatu ni mwepesi, unamfunga kikwembe mnakwenda soko. Akiwa na miaka kumi utashindwa, naye hatajua kujisaidia. Mapema, angali mdogo, umfundishe kujisukuma juu kwa mikono, kujishika kitanda, kupanda na kushuka kiti kidogo. Atachelewa, ataanguka juu ya mkeka, atakukasirikia. Mwache ajaribu tena.

KILA JIONI

Anayekaa kutwa nzima anaweza kuoza kidonda kwenye makalio, kwenye kisigino, kwenye mfupa wa chini ya mgongo. Kama mikono ina nguvu, ajiinue kidogo kila robo saa. Kama haina, umwinamishe mbele ao upande, na umpe mto wa kukalia. Jioni, akiwa kitandani, tazama ngozi kwa taa. Kwa ngozi yetu nyeusi usingoje wekundu: tafuta mahali palipokuwa peusi zaidi, pamoto, ao pagumu kuliko pengine. Ukipaona, asikalie tena pale mpaka parudi kama zamani. Kama ngozi imefunguka, mlete.

Na kiti chenyewe kilete tukione. Shirika la Afya la Dunia (OMS) liliandika tangu mwaka 2008 ya kama kiti kinapaswa kupimwa kwa mwili wa mtu na kwa njia anazopita, na kule Moshi, Tanzania, tangu 1981 kuna chuo kinachofundisha mafundi wa viungo vya bandia. Kiti kipana mno kinamfanya mtu aanguke upande, kirefu mno kinamzuia kukanyaga chini anapotaka kuinuka. Mara nyingi tofali, mto na msumeno vinatosha kukitengeneza. Siku ya kilo, baada ya watoto kupimwa, njoo na kikwembe chako cha kiuno, tutakuonyesha fundo lisilofunguka.